Mkono Unaambiwa Nini? Hisia ya Usukani katika Gemu za Mbio za Magari

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wananchi, Morogoro

Aliyenialika hakucheka nilipomtajia mada. Wengine walicheka. Mke wangu aliniuliza kama kweli mtu wa umri wangu anaweza kusimama mbele ya watu wazima akazungumzia gemu saa nzima. Nikamjibu naweza, ila maji ya kunywa yawepo. (Kicheko.)

Kusudi langu leo ni dogo. Sikuja kusema kama gemu zinaharibu watoto au zinawajenga. Jambo hilo lina wasemaji wengi na mimi si mmoja wao. Nimekuja kulinganisha gemu za mbio za magari kwa kigezo kimoja tu, nacho ni jinsi zinavyomfanya mtu ajione anaendesha. Vijana hubishana sana juu ya hili. Huyu anasema gemu fulani ndiyo gari lenyewe, yule anasema hiyo ni ya watoto. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimefundisha mambo ya chini ya gari: ekseli, shokapu, stelingi, tairi. Nimesikiliza ubishi huo, nimecheza, nimeaibishwa na watoto wa darasa la sita, na nimefikia dai moja. Gemu haipimwi kwa wingi wa ukweli iliobeba. Hupimwa kwa taarifa inayoupa mkono kabla gari halijaponyoka. Inayokuonya mapema ina hisia. Inayokuadhibu bila kukuonya haina, hata kama ndani yake mna hesabu za uhandisi za kujaza daftari zima.

Kwanza: dereva haendeshi kwa macho peke yake

Mpwa wangu alikuwa na kibanda cha gemu maeneo ya Msamvu. Televisheni nne, PlayStation 2 za mitumba, mabenchi, na feni moja iliyogeuza kichwa kama mtu anayekataa kukopesha. Jioni moja niko pale, akaingia dereva wa basi la Mbeya, mtu aliyeshuka mteremko wa Kitonga mara nyingi kuliko alivyopanda ngazi za nyumbani kwake. Alimfuata mwanawe aliyetoroka kazi ya kuchota maji. Vijana wakamwambia, “Mzee, kaa kidogo, tuone dereva mwenyewe.” Akakaa. Wakampa pedi na gari dogo la kawaida katika Gran Turismo 4.

Kona ya kwanza hakuiona. Gari lilikwenda moja kwa moja ukutani. Akaanza upya, akapunguza mwendo, akabana breki mapema, akakata kona. Mkia ukatangulia, gari likageuka likatazama lilikotoka. Mara ya tatu ukutani tena. Akaiweka pedi mapajani, akaitazama televisheni kwa muda, akasema, “Hili gari halina makalio.”

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee yule alikuwa amesema kwa maneno manne jambo ninalolifundisha kwa muhula mzima. Barabarani, habari za gari humfikia dereva kupitia kiti. Ukibana breki, mwili unasogea mbele na pua ya gari inainama. Mkia ukianza kutoka, kiuno kinajua kabla ya jicho. Sikio linasikia injini na tairi, na kwenye mteremko wa Kitonga hata pua ina kazi: harufu ya breki zilizochemka ni taarifa, tena ya maana. Gemu inafuta karibu yote hayo. Inakuachia milango mitatu: jicho, sikio na kiganja. Kila mtengenezaji wa gemu analazimika kuamua habari za makalio azipitishe mlango upi. Tofauti nyingi tunazozibishania zinaanzia hapo.

Kijana aliyekaa pembeni ya mzee, kila kona alikuwa analalia upande kwa mwili wote, bega karibu limguse jirani. Tunamcheka mtu wa namna hiyo. Lakini alikuwa anajipa mwenyewe kile ambacho televisheni ilimnyima.

Pili: tairi lina adabu ya kutoa taarifa

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hiki ndicho kiini cha mhadhara, na ubao upo.

Tairi la gari dogo linagusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja. Gari zima, na abiria wake na mizigo yao, limeshikwa na viganja vinne. Ukikata usukani, tairi haliendi sawasawa kule linakotazama. Mpira unajisokota kidogo pale chini, na tairi linasafiri likiwa limeachana kidogo na uelekeo wake. Achano hilo tunaliita pembe ya mtelezo. Jina lisiwatishe, sisemi gari linaserereka. Bila pembe hiyo hakuna kona, hata mkienda sokoni kwa mwendo wa kinyonga.

Pembe ikikua kutoka sifuri, nguvu ya kulivuta gari upande wa ndani wa kona inaongezeka. Inapanda mpaka kilele, ambacho kwa tairi la kawaida kwenye lami kavu kipo kwenye nyuzi chache, tuseme kati ya 5 na 10. Ukipita hapo, nguvu inaanza kushuka. Unakata zaidi, unapata pungufu. Mholanzi Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, pamoja na wenzake, waliandika fomula ya kuuchora mstari huo, na duniani inajulikana kama fomula ya mazingaombwe, maana haielezi sababu. Inachora tu umbo lile lile lililopimwa maabara. Gemu nyingi zinazojiita simuleta, yaani za kuiga gari halisi, zina fomula hiyo au ndugu yake.

Sasa sikilizeni kilicho kitamu zaidi. Mmeshasukuma toroli la dukani. Magurudumu yake madogo ya mbele huburutwa nyuma ya egemeo lake, ndiyo maana hujinyoosha yenyewe ukienda mbele. Tairi la gari nalo lina tabia kama hiyo. Ile nguvu ya pembeni haikai katikati ya kiganja, inakaa nyuma yake kidogo, na kwa kukaa nyuma inauvuta usukani urudi kati. Huo ndio uzito unaousikia mikononi kwenye kona. Lakini pembe ikizidi kukua, sehemu ya nyuma ya kiganja ndiyo inayoanza kuteleza kwanza. Nguvu inasogea mbele kuelekea katikati, mkono wa wenzo, yaani umbali wa nguvu hiyo kutoka katikati, unafupika, na uzito wa usukani unaanza kupungua. Unapungua kabla tairi halijafika kileleni.

Rudieni hapo. Tairi bado lina akiba ya kushika barabara, na tayari limekuambia kwamba akiba inakaribia kwisha.

Nani hapa ameendesha kupita Mikumi mvua inanyesha? Naona mikono. Mnakumbuka usukani unavyokuwa mwepesi ghafla, kama wa baiskeli? Mlitoa mguu kwenye mafuta bila kufikiri. Hamkusoma Pacejka, kiganja kilisoma.

Tunaweza sasa kuzilinganisha gemu zinazochezwa kwa usukani wenye mota. Zipo ambazo mota yake inafanya kazi ya springi tu: ukikata sana, inakurudisha kwa nguvu zaidi. Springi haijui habari za tairi. Inazidi kuwa nzito pale pale ambapo usukani halisi ungekuwa unalegea, yaani inakudanganya dakika unayoihitaji. Zipo nyingine ambazo nguvu ya mota inatoka kwenye hesabu za ekseli ya mbele yenyewe. Wazo si geni. Mashine ya Hard Drivin’ ya kampuni ya Atari Games, mwaka 1989, ilikuwa na usukani unaosukuma mikono, kanyagio tatu, gia, mpaka na ufunguo wa kuwashia. Picha zake leo zingemchekesha mtoto, lakini aliyeibuni alijua habari inapaswa kupitia wapi.

iRacing, iliyoanza mwaka 2008, inapiga hesabu za gari mara 360 kwa sekunde, wakati kwenye kioo picha 60 kwa sekunde zinatosha kabisa. Za nini zote hizo? Kwa sababu jicho linaridhika mapema, ngozi hairidhiki. Kiganja kinatambua mtetemo wa haraka ambao jicho haliwezi kuufuata. Mkono ukiupa taarifa 60 tu kwa sekunde, unapokea barabara iliyokatwa vipande vipande kama muhogo.

Tatu: pedi ina mkalimani, na mkalimani hajitambulishi

Wengi hamna usukani wa kuchezea, na bei yake naijua, sitawalaumu. Mnacheza kwa pedi au simu. Kijiti cha pedi kinasogea kama sentimita moja kila upande. Usukani wa gari unazunguka mara mbili na nusu, mara tatu, kutoka mwisho hadi mwisho. Lau gemu ingepeleka kidole chako moja kwa moja kwenye tairi, gari lingepinduka kabla ya kona ya kwanza. Kwa hiyo katikati ya kidole na tairi anakaa mkalimani. Anapunguza haraka yako. Mwendo ukiwa mkubwa anakataa kulikata tairi kupita kiasi fulani. Wengine wanarekebisha hata mkia ukitoka, kimya kimya, wewe unajisifu.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasiseme “gemu hii ina fizikia nzuri” kabla hawajauliza nani amekaa katikati. Gemu mbili zinaweza kuwa na matairi yanayofanana, moja ukaiona laini na nyingine ukaiona mbao, na kosa lote likawa la mkalimani.

Pedi nayo imejifunza kusema. Sony walitoa DualShock Japani mwezi Novemba 1997, yenye mota mbili, kubwa ya mtetemo mzito na ndogo ya mtetemo wa haraka. Mwezi mmoja baadaye ikaja Gran Turismo ya kwanza. Miaka mingi ikapita, na katika Gran Turismo 7 ya mwaka 2022, ukichezea PlayStation 5, kitufe cha breki chenyewe kinagoma chini ya kidole na kinapigapiga magurudumu yanapotaka kufunga. Nilipoijaribu, kidole changu kilijua kabla ya sikio. Kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko picha zote za machweo wanazotuonyesha kwenye matangazo.

Na sikio? Katika gemu nyingi tairi linalia mapema mno, linalia hata pale ambapo tairi halisi lingekuwa bado limenyamaza. Ni uongo, na mimi nauruhusu. Mlio ule ni barua iliyotumwa na makalio ikapitia mlango wa sikio, kwa sababu mlango wake umezibwa. Mtengenezaji aliyenyamazisha matairi yake ili yafanane na ya kweli, akasahau kumpa mchezaji kitu badala yake, ameongeza ukweli na kupunguza gari.

Simu nitazipita haraka. Ile gemu ya mabasi ya Indonesia, iliyotoka mwaka 2017, ambayo vijana wetu wameyapaka mabasi yake rangi za kampuni za hapa nyumbani, hisia yake ya kuendesha ni nyembamba. Mpenzi wa gemu ile hakufuata tairi, amefuata honi. (Kicheko.) Namwelewa.

Nne: mashine za sarafu hazikuwa za uongo

Watu wa simuleta hupenda kuzibeza gemu zilizotoka kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Hapa tunatofautiana.

Chukueni Ridge Racer ya Namco, mwaka 1993. Unafika kwenye kona kwa mwendo wa kutisha, unaachia mafuta kidogo, unakata, unakanyaga tena. Gari linalala ubavu na kuteleza kando ya kona yote bila kupoteza mwendo wa maana. Hakuna gari duniani lenye tabia hiyo. Tairi lake halina kilele nilichochora ubaoni. Gemu inakupokea mahali fulani na kukuzungusha kama mtoto anayezungushwa kwa mikono miwili. Lakini sheria yake ni moja na haibadiliki. Kila ukifanya kile kile, kinatokea kile kile, na sauti na pembe ya gari vinakueleza umefika wapi kwenye mchezo huo wa ngoma. Anayeonywa vizuri ndani ya sheria ya kubuni anaendesha kweli. Anaendesha kitu kingine tu.

Miaka saba kabla yake palikuwa na OutRun ya Yu Suzuki, kwa kampuni ya Sega, 1986, ambayo mashine yake kubwa ilikuwa na kiti kilichoyumba ubavuni unapokata kona. Fikirini: mwaka 1986 mtu alishajua kwamba gari linahitaji makalio!

Ninayoipenda kuliko zote hizo ni Sega Rally, kazi ya Tetsuya Mizuguchi na wenzake, mwaka 1994. Ndani yake ardhi ina tabia. Kwenye lami gari linashika, kwenye changarawe linaogelea, na pale lami inapoishia katikati ya kona, mchezaji anaupata mpito huo mkononi kabla hajaiona rangi ya ardhi ikibadilika. Ulikuwa unalazimika kulitupa gari kabla ya kona, mapema kiasi cha kuona aibu, kisha unasubiri. Kusubiri huko ndiko kuendesha kwenye udongo. Magari machache, njia chache, mchezo ukiisha dakika tatu zimepita. Ningepewa mashine moja ya kuweka darasani, ningeiomba hiyo, na simuleta za gharama ningewaachia vyuo vyenye umeme usiokatika.

Tano: ugumu si ukweli

Mwaka 1998 ilitoka Grand Prix Legends, kazi ya kampuni ya Papyrus ya Marekani. Ilichukua magari ya Formula 1 ya msimu wa 1967, matairi membamba, injini kali, hayana hata bawa la kuyakandamiza chini. Ikawa maarufu kwa kuwatoa watu jasho. Wachezaji wengi walishindwa kumaliza hata mzunguko mmoja, na ndani ya ushindi wa wachache pakazaliwa imani ambayo bado ipo: gemu ikikutesa, ndiyo ya kweli.

Mimi sikubali. Magari yale kwa asili yake yalimpa dereva nafasi. Tairi jembamba la zamani halikukata mshiko kama kisu, lilikuwa linaachia polepole, na ndiyo maana picha za enzi zile zinawaonyesha madereva wakiwa wamelala ubavu kwenye kona nzima, mikono imetulia. Sehemu ya mateso ya mchezaji ilitoka kwingine. Alikuwa anacheza kwa usukani wa plastiki wenye mpira wa kurudisha kati, kwenye kompyuta iliyosuasua. Hesabu za gari zilikuwa za heshima. Habari zake hazikumfikia.

Nitoe mfano wa nyumbani. Pikapu ya zamani, stelingi imelegea kiasi kwamba unazungusha robo nzima kabla tairi halijajibu, ni ngumu kuiendesha kuliko gari jipya. Je, ni gari la kweli zaidi? Fundi angekuambia uilete gereji.

Gran Turismo ya kwanza, ya Kazunori Yamauchi na wenzake, ilichukua njia nyingine. Desemba 1997, miaka mitano ya kazi, magari yapatayo 140, mengi yakiwa yale yale mnayoyaona barabarani hapa yakitoka bandarini. Kabla ya kuingia mashindano ya maana ulilazimika kufanya mitihani ya leseni, na mtihani wa mwanzo ulikuwa wa kuondoka na kusimama mahali palipopangwa. Basi. Simama. Nani kati yenu alifundishwa breki kwa makini namna hiyo na aliyemfundisha kuendesha? Sioni mikono. Mtihani ule ulikuwa unaufundisha mkono lugha ya gari kabla ya kuupima. Kasoro ilikuwa nayo: ungeweza kulitumia gari la mwenzako kama ukuta wa kukatia kona, na gari lako lisipate hata mkwaruzo. Nilijifunza tabia hiyo mbaya haraka sana, siwafichi.

Sita: barabara yenyewe

Mpaka hapa nimesema tairi, tairi. Tairi linaongea na nani? Na ardhi. iRacing na wenzake, kwa mfano Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos, wanapima viwanja vya mbio kwa leza, wanachukua kila tuta na kila kiraka cha lami. Ukicheza kwa usukani mzuri unalijua tuta la kona fulani kama unavyolijua shimo la mtaani kwako. Kwa lami, kazi hiyo ni ya kusifiwa.

Barabara ya udongo haikubali kupimwa mara moja. Gari la kwanza limepita, barabara imeshabadilika kwa gari la pili. Sisi wa upande huu wa dunia tunayo historia nayo. Mashindano ya rali ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Colin McRae, ambaye jina lake lilibebwa na gemu ya Codemasters ya mwaka 1998, aliyashinda mara tatu. Baada ya 2002 yakatoka kwenye ubingwa wa dunia, yakarudi 2021 yakiwa na makao Naivasha. Na hapa pana kioja. Yalitakiwa yarudi 2020, ugonjwa wa korona ukayafuta. Lakini gemu ya WRC 9, iliyotoka mwezi Septemba mwaka huo huo, ilikuwa imeshaweka Safari ya Kenya ndani yake. Kwa miezi kadhaa mtu aliweza kushindana Kenya akiwa sebuleni Ufaransa, na Naivasha kwenyewe hapajapita gari hata moja la ubingwa wa dunia.

Kule kuna vumbi laini kama unga wa sembe, madereva wanaliita feshfesh. Linaficha mawe, linameza tairi mpaka kwenye ringi. Tatizo la watengenezaji ni hili. Mstari niliochora ubaoni, wa kupanda, kilele na kushuka, ni wa lami. Kwenye udongo uliolegea kilele hakionekani vizuri. Tairi likienda ubavu linachimba, udongo unarundikana pembeni yake, na rundo lile nalo linalisukuma gari. Tairi linageuka jembe. Kwa hiyo pembe kubwa, ambayo kwenye lami ingekuwa kosa, kule ni msaada, na dereva wa rali halitupi gari ubavu ili apigwe picha.

Gemu ikichukua tairi la lami na kulipunguzia mshiko tu, haijatengeneza udongo. Imetengeneza barafu iliyopakwa rangi ya udongo. Wachezaji wetu wanaitambua upesi, maana wamepanda bodaboda kwenye barabara za udongo kabla hawajashika pedi. Hukosa tu neno la kusemea, wanabaki kusema “inateleza vibaya.” Neno mmelipata leo: haichimbi.

Saba, kwa ufupi: je, inafundisha kuendesha?

Swali hili huulizwa kila mara, nilimalize. Yupo Mwingereza Jann Mardenborough, aliyeshinda mwaka 2011 shindano lililowatoa wachezaji wa Gran Turismo kuwaingiza kwenye magari halisi, na mwaka 2013 akaendesha saa 24 za Le Mans. Filamu yake mmeiona. Alipita gemu, kisha akapita mafunzo mazito ya wiki nyingi na magari ya kweli. Kijana aliyecheza miezi mitatu akaomba funguo za gari la baba yake hajapita hiyo sehemu ya pili. Wazazi, jibu mnalo.

Tunakokwenda

Nimalizie kwa kazi iliyo mbele yetu. Sijaona gemu yenye lori la tani thelathini linaloshuka Kitonga, breki zinachemka, dereva anatafuta gia ya chini ikiwa bado mapema, na nyuma yake basi linamsukuma kwa honi. Mpaka mtu wa mbali aje kututengenezea tutakuwa wazee, mimi nimeshatangulia. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wameanza. Ipo gemu ya mbio iitwayo TORCS, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na humo ndimo watakamoweka vipimo vyao. Muhula ujao tutalikokota tairi kwenye barabara ya udongo nyuma ya karakana, kwa mizani ya springi na vipande vya chuma vya kuweka mzigo: siku kavu, siku ya mvua, na siku mbili baada ya mvua, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Tunataka mstari wetu wenyewe wa kuchora ubaoni, wa udongo wa Morogoro. Dereva wa Mbeya ameahidi kuja kukaa kwenye kiti chetu na kusema kama makalio yamepatikana. Nimemwomba asitutazame usoni wakati anatoa majibu.

Usukani walioutengeneza wanafunzi hao uko kwenye meza ya nyuma, umefungwa kwa klempu. Mota yake ilitolewa kwenye waipa ya gari bovu, kwa hiyo msishindane nayo nguvu. Njia mtakayoendesha ni ya majaribio, kona nne tu. Kona ya tatu kateni mpaka usukani ulegee mkononi, kisha mniambie mmeusikia wapi kwanza, mkononi au machoni. Kuna daftari pale la kuandika. Wazee watangulie, foleni ianzie mlangoni. Baada ya dakika ishirini mota hupata moto. Ikianza kunuka, aliyekaa aizime.